Kalamu ya Onencan

Alikuja Jumanne, mvua ikipiga bati,
akaweka mkono mezani kama mtu anayeweka rehani.
"Pima," akasema.
Vidole vitatu. Gumba na cha shahada
vilibaki kiwanda cha mbao, kwenye msumeno nambari mbili,
mwaka ambao mimi nilikuwa bado nanyonya.

Ofisini Masindi wanataka alama ya dole gumba la kulia.
Amewaeleza. Karani, bila kuinua kichwa,
alimwambia arudi nalo wiki ijayo.
Basi amejifunza kuandika jina, na miaka yake sitini na minane,
kwenye daftari la mjukuu,
na kalamu za dukani zinamponyoka kama sabuni.

Nikapima. Kati ya kisiki cha gumba na kidole cha kati
pana milimita kumi na saba.
Hakuna duka linalouza kalamu nene hivyo.

Mti nilikuwa nao: mkangazi, kipande cha panda,
pale tawi lilipoachana na shina na nyuzi zikagombana,
zikapandana kama maji yanayolazimishwa na jiwe.
Wapasuaji hukitupa. Hakinyooki, hakifai mlango.
Watalii wa kwenda Murchison hukishika, wakauliza,
"Huu ni mti wa kigeni?"
Ulizaliwa Budongo. Mgeni ni nani hapa, sijui.

Nilitoboa polepole, nikiitoa keekee kila mara ipumue,
maana panda hupasuka ukiiharakisha.
Mrija wa shaba, gundi, kisha nikakifunga kwenye mashine
(mota ya cherehani, fremu ya kitanda cha hospitali).
Patasi ilipogusa, zilisikika pembe nne zikilalamika,
tak-tak-tak-tak,
hadi pembe zikaisha, sauti ikawa moja,
na maranda yakatoka marefu, mekundu, yakinukia chai kavu.

Hapo umeme ukakatika.

Onencan akacheka. Akashika gurudumu la baiskeli
nililolifunga kwa ajili ya siku kama hizo, akalizungusha
kwa vidole vyake vitatu, mwendo mmoja, hauyumbi,
nikakumbuka kuwa mtu huyu alilisha magogo miaka kumi na tisa.
"Kaza kidogo," nikasema.
"Usinifundishe kuzungusha, Araali."

Msasa wa mia na ishirini. Wa mia mbili arobaini. Wa mia nne.
Wa elfu moja.
Mkwaruzo wa kila msasa hufutwa na mkwaruzo mdogo kuliko huo;
njia nyingine ya kulainisha kitu siijui.
Kisha supaglu kwa kitambaa, tone kwa tone, tabaka kumi,
macho yakiwasha, yeye akizungusha. Mwisho nta ya nyuki.
Ndipo nyuzi zikaamka: ukiinamisha kalamu, mwanga unakimbia
chini ya ngozi yake. Ukiirudisha, unarudi.
Upande mmoja nikachimba bonde dogo kwa tupa ya duara,
makao ya kisiki.

Aliijaribu kwenye karatasi ya mfuko wa simenti.
O ilitoka kama yai lililokanyagwa.
N. E. Mkono ukasita. N tena, ikiegemea mwenzake.
Uso wake sikuutazama. Nilitazama kalamu: haikuteleza.

"Shilingi ngapi?"
Nikataja. Akatoa nusu; nusu nyingine italetwa na pensheni.
Akachana kipande cha ile karatasi,
akaandika deni lake, herufi kwa herufi,
akatia sahihi, akanipa.

Nimekitundika juu ya mashine. Huu mwezi wa tatu.
Karani sasa anasema sahihi hailingani na iliyo kwenye faili.
Kwenye faili kuna dole gumba,
jeusi, zima.